Fundi Pindo na Gitaa la Miguu

Pale kona, kati ya chumba cha kinyozi na kibanda cha mshonaji, kuna benchi ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Wanaokaa hapo hawajawahi kukubaliana juu ya jambo lolote, hata juu ya mvua, kama inanyesha au imekatika, na ndiyo maana kahawa ya Bi Birika inauzika. Alhamisi hiyo walikuwepo wote. Wembe, yule kinyozi, alikaa mwisho wa benchi aone kama mteja anakuja. Redio, anayetengeneza redio, feni na chochote kinachotoa moshi, alikaa katikati kwa sababu anapenda kusikika. Mlinzi, anayelinda ghala usiku na kulala mchana, alikuwa macho na macho yenyewe mekundu. Na Fundi Pindo, mshonaji, alikuwa kajiinamia na utepe wake wa kupimia shingoni, kahawa imempoa mkononi. Mkewe alikuwa amehamia kwa dada yake tangu Jumatatu. Hakugombana, wala hakununa. Alitia nguo zake kwenye mkoba, akasema, "Nakwenda kupumzisha masikio," akaenda zake.

— Nimeshaamua, alisema Pindo. Nauza.

— Alhamdulillahi! Mlinzi akaruka. Nitalala kama binadamu.

— Tulia wewe, Wembe akamkata. Mnunuzi nimempata mimi. Kijana wa bendi. Anakuja leo jioni na gari.

Pindo akaitikia kwa kichwa tu.

Kitu chenyewe kilikuwa nyuma yao, ndani ya kibanda, kimefunikwa shuka. Alikinunua kwenye mnada wa vyombo vya ukumbi mmoja wa muziki uliofungwa, na alikinunua kwa makosa. Kilikuwa chini ya turubai. Alichoona yeye ni miguu minne ya chuma, pedali zimepangwa chini, na vyuma vya kusukumwa kwa goti vikining'inia. Mshonaji gani angefikiri kitu kingine? Cherehani za kiwandani zina pedali, zina chuma cha goti. Akajua kapata mashine ya kutoboa na kushona matundu ya vifungo, ile aliyomwahidi mkewe miaka yote, maana mkewe ndiye anayeshona matundu hayo kwa mkono mpaka ncha za vidole zimekuwa ngumu. Akalipa, akakileta nyumbani, akamwita mkewe, akavuta turubai kwa madaha.

Gitaa. Gitaa limelala chali juu ya miguu kama meza, nyuzi kumi zikitazama dari.

Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kucheka akanyoosha kidole akagusa uzi mmoja, na Pindo, kwa mazoea tu, akakanyaga pedali. Sauti ikateleza ikapanda juu, polepole. Halafu mkewe akasema, "Rudia." Kwa neno hilo moja Pindo akawa mpiga gitaa.

— Kukuuliza si ugomvi, alisema Redio. Unajua kwa nini shemeji yetu ameondoka?

— Kelele, Mlinzi akajibu asiyeulizwa.

— Kelele! Ghala lako lina jenereta, mbona hulikimbii? Hapa pana sayansi. Gitaa la kawaida, sauti inatoka hapa inakwenda pale, inaruka. Hili linateleza. Sauti inayoteleza haiingii sikioni, inaingia kwenye meno. Nimepima mimi. Jamaa akianza mazoezi, misumari yangu inatembea mezani.

— Misumari yako inatembea kwa sababu meza yako imepinda, Bi Birika akasema akimimina.

— Ninyi hamjaoa nini? Wembe akainuka kabisa, maana maneno yake yalihitaji nafasi. Mwanamke haondoki kwa kelele wala kwa meno. Anaondoka kwa wivu. Hebu mtazameni huyu anavyolipiga. Mkono wa kushoto kashika kipande cha chuma analipapasa nyuzi. Mkono wa kulia kavaa kucha za bati anadonoa. Mguu huu kwenye pedali za kutelezesha sauti, mguu ule kwenye pedali ya kuongeza na kupunguza. Magoti yote mawili yanasukuma vyuma huku na huku. Pindo, niambie ukweli wa Mungu. Lini ulimkumbatia mkeo kwa viungo vyote hivyo kwa pamoja?

Benchi zima likaangua kicheko. Hata Pindo akacheka, na kicheko kilipoisha kikamwacha vibaya zaidi. Alimpenda mkewe. Alilipenda na lile gitaa, hakuwa na haja ya kujidanganya. Ila nyumba bila mkewe ilikuwa imempwaya tangu Jumatatu, chai anainywa bila sukari kwa sababu hajui sukari inakaa wapi, na ikiwa lazima achague kimoja basi hapakuwa na la kufikiri.

— Mnazunguka tu, alisema Mlinzi, na sasa sauti yake ilishuka. Mimi niseme ninalolijua? Sijalala muda mrefu, nimepata nafasi ya kusikiliza. Jamaa anapiga wimbo mmoja. Mmoja tu! Anaanza vizuri, unapanda, unashuka, unazunguka, ukifika mahali fulani, kwisha. Kimya. Halafu anaanza upya. Kila siku ni pale pale. Sasa jiulizeni, aliyekuwa na gitaa hili kwanza yuko wapi?

— Yuko wapi?

— Amekufa! Na alikufa akiwa katikati ya wimbo. Mahali pale pale. Pindo akifika hapo, marehemu anamshika mguu.

— Lahaula! Bi Birika akaitua birika chini.

— Inawezekana, Redio akasema kwa uzito. Chuma kinatunza umeme.

— Acheni upuuzi, alisema Pindo. Hakuna marehemu. Ni video.

Akawaeleza, ingawa alishawaeleza mara nyingi. Mjini hapa hapakuwa na mwalimu wa gitaa la namna hiyo. Alichokuwa nacho ni video ya mzee mmoja mwenye kofia, anayeongea lugha ambayo Pindo haielewi hata salamu yake, na kamera inaishia kwenye mikono. Miguu iko chini ya gitaa, haionekani. Kwa hiyo mikono Pindo alijifunza kwa macho na miguu akajifunza kwa kubahatisha, kanyaga hii, sikiliza, siyo, kanyaga ile. Amekwenda hivyo hivyo, kipande kwa kipande, mpaka karibu na mwisho. Na hapo, karibu na mwisho, kila siku mtandao unakwama. Picha inaganda. Mkono wa mzee unasimama juu ya nyuzi, sauti peke yake ndiyo inaendelea. Sasa mtu utajuaje mkono ulikwenda wapi?

— Simu yake nimeifungua mwenyewe, Redio akathibitisha. Nimeisafisha kwa spiriti. Inaganda vile vile. Ugonjwa uko kwenye mnara.

Ndipo akatokea mama mmoja mnene, mwenye haraka, mtandio umemteleza begani. Pindo alipomwona akasimama mpaka utepe ukaanguka. Alikuwa dada mkubwa wa mkewe, yule yule aliyempokea, na kutoka kwake mpaka kwenye kona hii ni mwendo wa kutokwa jasho.

— Shikamoo dada. Kwema? Mke wangu mzima?

— Marahaba shemeji. Mzima, anakula, anagombana na wanangu. Sikuja kwa ugomvi wala kwa suluhu. Nimekuja kuuliza kitu kimoja nirudi, nimeacha sufuria jikoni.

— Uliza, dada.

— Huo wimbo wako unaishaje?

Wembe akaacha kuangalia kama mteja anakuja.

— Mdogo wangu alikuja kwangu kupumzisha masikio, akaendelea. Sawa, nikampa chumba. Jumanne yuko jikoni anakatakata vitunguu, anaimba kwa pua. Wimbo mzuri, sikatai. Anafika mahali, anakwama, kisu kimesimama hewani. Anaanza upya. Jumatano, hivyo hivyo. Jana usiku wa manane naamka kunywa maji, namkuta kakaa kitandani ananiuliza, "Dada, hivi baada ya pale inakuwaje?" Sasa mimi nitajuaje? Na leo asubuhi najikuta na mimi ninauimba, na mimi nakwama! Watoto nao! Nyumba nzima tumekwama, shemeji. Nikasema nije kwa mwenye wimbo wake.

Wembe akakohoa, akaanza kuuimba kwa pua. Redio akadakia, Mlinzi naye, maana nani angeujua kuliko yeye aliyekoseshwa usingizi nao? Waliuimba vizuri, wakapanda nao, wakashuka nao, Bi Birika akipiga kifuniko cha birika taratibu, mpaka wakafika pale. Wote wakasimama kwa pamoja, midomo wazi, wanatazamana.

Kisha wakamgeukia Pindo.

— Sijui, alisema Pindo. Naapa, dada, mimi mwenyewe sijui.

— Hujui wimbo wako?

— Mwisho nausikia kwenye video, lakini hauimbiki. Kuupiga nako siwezi.

Alisema huku machozi yanamlengalenga, lakini hayakuwa ya huzuni. Kumbe mkewe anauimba. Kumbe aliondoka na wimbo, na kilichomchosha hakikuwa gitaa ila kuachwa njiani kila siku.

— Hebu nionyeshe, alisema dada mtu. Sikutembea jua lote hili nirudi na "sijui".

Wakaingia kibandani, na benchi lote likaingia nyuma yao bila kualikwa. Pindo akaondoa shuka, akawasha spika, akavaa kucha zake za bati, akakaa. Dada mtu hakupata nafasi ya kusimama, kwa hiyo alikaa kwenye kigoda cha mkewe, kile cha kushonea matundu, na kutoka hapo alichokiona si mikono bali miguu.

Pindo akapiga. Alipiga vizuri kuliko siku zote, kwa kuwa leo alikuwa na msikilizaji. Akafika pale. Mkono ukasimama, sauti ikafa.

— Hapo hapo! Dada akapiga paja. Hapo ndipo mdogo wangu anapokwama! Rudia.

Akarudia. Akafika, akasimama.

— Shemeji, mbona unatoa mguu?

— Mguu gani?

— Huo wa kushoto. Mkono ukisimama tu, unauondoa kwenye pedali. Kwani lazima?

Pindo akainama kuutazama. Hakujua kama anautoa. Mguu ule ulijifunza kazi yake kwenye cherehani tangu akiwa kijana, na mshonaji yeyote atakwambia kwamba mkono ukisimama, mguu unatoka, la sivyo sindano inakupitia kidoleni. Hilo halifikiriwi. Mguu unalijua wenyewe.

Na hapo akamkumbuka mzee wa kwenye video, mkono umesimama juu ya nyuzi na sauti inaendelea kupanda.

— Ya Rabi, alisema polepole. Haikuganda. Mzee alikuwa amesimamisha mkono kweli. Anamalizia kwa mguu.

— Mnara mzima nimeutukana bure, Redio akanong'ona.

Pindo akaanza upya, na safari hii hakuna aliyekohoa. Alipofika pale mkono ukasimama. Mguu ukataka kutoka, jasho likamtoka, vidole vikajikunja vyenyewe kwa hofu ya sindano isiyokuwepo, naye akaukatalia. Akakanyaga. Mkono umetulia tuli, sauti ikapanda taratibu, ikapanda tena, ikafika juu mahali ilipokuwa ikipatafuta miezi yote hiyo, ikakaa.

Mlinzi alikuwa analia waziwazi, na baadaye alidai ni usingizi. Wembe akatoka nje, na wakamsikia akiongea na simu:

— Kijana, usije. Hapana, halijaharibika. Usije tu.

Dada mtu naye alikuwa anajaribu kuubeba mwisho ule mdomoni aondoke nao. Alijaribu kwa pua, akajaribu kwa mluzi, kila akifika juu sauti inamkatika. Mwisho akatoa simu yake kwenye mkoba, akampigia mdogo wake.

— Wewe! Nimeupata. Unaishia juu.

Simu ikapiga kelele kidogo.

— Juu wapi, juu wapi! Mimi sina koo la hivyo. Vaa viatu uje usikie. Na zima jiko!

Akakata, akajifunga mtandio wake.

— Anakuja? aliuliza Pindo, mguu wake ukiwa bado chini kwenye pedali, anaogopa kuutoa.