Chizuru Minobe na Jina Lililokosekana Jaladani

Marehemu Chizuru Minobe alizaliwa Tsuruoka, Japani, tarehe 14 Machi 1958, kifungua mimba wa muuza tofu, ile jibini ya soya. Alisoma hapo hapo mjini, kisha akaenda chuo kikuu huko Sendai, akafundishwa Kireno na Profesa Kuniyasu. Leo msibani profesa tumempa kiti mstari wa pili, na shada lake la maua ndilo kubwa kuliko yote pale mlangoni.

Kwa miaka karibu thelathini Chizuru alitafsiri riwaya za Kireno, na kila jalada likatoka na jina la profesa. Yeye alishukuriwa ndani, kwa herufi ndogo, kwa kazi ya kupiga taipu. Inatia kinyaa, na familia imeona heri iseme hivyo leo kuliko kuendelea kutabasamu. Kwa jina lake mwenyewe alitoa kitabu kimoja chembamba cha hadithi, na hicho profesa hakuwahi kukitaja popote.

Mwaka 1985 aliolewa na Isao, dereva wa basi, wakajaliwa binti, Hatsune. Tafsiri zake alimsomea mumewe mezani azipime, kwa wali na biringanya za chumvi. Jioni moja alisoma maneno ya mwanamke mwenye hasira riwayani. Isao akatafuna kwanza, ndipo akajibu, "Mama Hatsune, huyo hajakasirika bado. Huyo ananung'unika tu." Chizuru akaacha chakula, akaenda kuandika upya.

Mei 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alimalizia kutafsiri riwaya ya mwisho kitandani, akamwambia mumewe, "Itoke kwa jina langu au isitoke kabisa." Profesa alikuja hospitalini na tikiti tamu ndani ya sanduku la mbao, akaulizia muswada.

"Hilo tikiti linanichefua, Mwalimu," Chizuru alisema. "Rudi nalo. Na safari hii sikupi kitu."

Profesa alicheka, akasema mgonjwa amechoka, akatoka kumpigia simu mchapishaji. Akaambiwa Isao ameshaupeleka muswada, na jina la Chizuru juu yake.

Chizuru alifariki alfajiri ya tarehe 9 Februari 2023. Ameacha mume, binti, mjukuu mmoja, na mdogo wake Teruo, anayesoma wasifu huu.

Watu wa tanuri la kuchomea maiti wametukataza kuweka vitabu vinene ndani ya jeneza, maana haviungui vizuri. Kwa hiyo kifuani pake tumeweka karatasi moja tu, ukurasa wa mwanzo wa riwaya itakayotoka Aprili. Imeandikwa: Mfasiri, Chizuru Minobe. Kabla ya kifuniko kufungwa, kila mmoja wetu atamwekea ua. Profesa Kuniyasu atangulie, ausome ukurasa huo.

Dada, pumzika sasa, na jina lako unalo.