Ba Goodson, Mwalimu wa Kwadi, Anavua Kaske

Kisha miaka kumi na tisa ya kazi, Ba Goodson Mubanga anaacha biro yetu ya afya hapa Nchelenge tarehe 30 mwezi wa sita. Kila mutu anayepeleka dawa kwenye vijiji vya kando ya ziwa Mweru kwa kwadi, ile pikipiki ya magurudumu mane, alifundishwa na yeye. Miye Octave, ninayepanga safari za dawa, nilipewa kazi ya kuandika wasifu wake. Ninaandika kwa furaha, na kwa haya pia.

Somo lake la kwanza halina petroli. Mwanafunzi anasukuma kwadi kwa mikono kwenye muchanga, toka biro mpaka soko la samaki, na wamama wa soko wanamucheka. Akifika anahema, Ba Goodson anamuuliza kama angependa uzito ule umulalie kifuani. Hakuna aliyejibu ndiyo. Halafu zinakuja sheria: kaske, ile kofia ngumu, kichwani kila mara, abiria hakuna hata akiwa mukwe wako, na miguu inabaki juu.

Hiyo ya miguu ndiyo inatushinda. Wengi wetu tumekomaa na baiskeli za kubeba samaki. Tukiogopa, tunashusha muguu chini. Kwenye baiskeli unapona. Kwenye kwadi, gurudumu la nyuma linapanda muguu wako. Ndiyo maana alidai siku kumi za mazoezi, hata kwa madaktari.

Na sheria zake alizitii mwenyewe, eh! Siku tulivusha kwadi kwenda Kilwa, alikaa ndani ya boti na kaske kichwani mpaka ngambo ya ziwa. Wavuvi walicheka karibu waanguke majini. Yeye akawapungia mukono tu.

Sasa ile haya. Miaka sita iliyopita vijiji vya upande wa Puta vilihitaji dawa haraka. Hugues, ambaye leo munamuona stoo, alikuwa na siku tatu tu za mazoezi. Ba Goodson alikataa kumuruhusu. Nikamusumbua weee, akakataa. Basi nikaenda kwa shefu, mukubwa wa biro, nikasema mwalimu amekubali. Nilidanganya. Kwenye muteremuko Hugues aliogopa, akashusha muguu. Mpaka leo anatembea na fimbo.

Shefu alipouliza, Ba Goodson alinitazama, akasema kosa ni la mwalimu. Baadaye aliniambia kwamba miye niko na watoto wadogo, na nikifukuzwa sina kijiji cha kurudia. Yeye iko na shamba. Ripoti ikaandika jina lake, na cheo cha mukubwa wa usafiri kikapewa mutu mwingine. Miye nikanyamaza. Miaka sita tulikula bukari kwenye sahani moja, nikanyamaza. Ninajuta sana.

Jana nilimuandikia shefu barua, nikaeleza yote. Hugues nilimwambia uso kwa uso. Alichukua fimbo yake, akatoka. Ni haki yake.

Ba Goodson, aksanti kwa vichwa vyetu na miguu yetu iliyo mizima. Mungu akupe nguvu ya kulima na usingizi muzuri, wewe na wote wa nyumbani. Ile kaske umeiacha juu ya meza yangu. Kosa lile nalo, kuanzia leo, liko na jina langu. Uishi vema, baba.