Neno la Shukrani la Tuliobebwa Ngazini

Mheshimiwa Meya, Waheshimiwa Madiwani, Ndugu Mkurugenzi wa Halmashauri, Ndugu Mkuu wa Idara ya Ardhi na Mipango Miji, ambaye ndiye tunayemuaga leo, Ndugu Kaimu Mkuu wa Kitengo cha Zabuni, ambaye ni yeye huyo huyo, basi azipokee salamu zangu mara mbili, mke wa mstaafu, watoto, wakwe na ndugu wa pande zote, wafanyakazi wenzake, wageni waalikwa, mabibi na mabwana. Na ninyi mafundi wenzangu mlioko uani, mnaonisikia kupitia spika ile iliyofungwa dirishani, nanyi hamjambo? Itifaki imezingatiwa. Katika jengo hili itifaki haijawahi kukosa kuzingatiwa, na ningeomba mambo mengine nayo yangepata bahati hiyo.

Mshereheshaji amenitambulisha kuwa ni mwakilishi wa makundi maalumu. Kwa wasionijua, mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Miguu yangu iliacha kazi nikiwa mtoto, mikono ikachukua zamu zote. Naongoza kikundi cha mafundi wenye ulemavu: tuna waashi, tuna maseremala, na sisi wa vyuma. Nimepewa dakika tano za kushukuru, na ili nisihangaike kufikiri, ofisi ya mawasiliano imeniandikia shukrani zenyewe. Sentensi ya kwanza inasema, "Tunaishukuru Halmashauri kwa kutushirikisha kikamilifu." Niliisoma asubuhi hii nikiwa mikononi mwa mgambo wawili, katikati ya ngazi zenu, mmoja akiwa ameomba tusimame kidogo avute pumzi. Nimeikunja karatasi hiyo nikaikalia. Nitasema ya kwangu.

Wahenga walisema aisifuye mvua imemnyea. Mimi imeninyea, kwa hiyo kuisifu naweza.

Nisifu jengo hili kwanza. Nani kati yetu hakumbuki lilivyofunguliwa? Msingi uliinuliwa juu, tukaambiwa ni ili Halmashauri ionekane kutoka barabara kuu. Kweli inaonekana. Wazee wanaofuatilia mafao yao wanaiona vizuri sana wakiwa wameketi kwenye ngazi ya chini wakijikusanyia nguvu. Wajawazito wanaiona. Sisi wa viti vya magurudumu tunaiona kuliko wote, maana tunapofika tunabaki tukiitazama mpaka apatikane mtu wa kutubeba. Je, kuna jengo lingine mjini linalotazamwa na wananchi wake kwa muda mrefu hivyo?

Nisifu pia Kanuni za Uendelezaji Ardhi, ambazo ni kazi ya mikono ya mstaafu wetu, na Waheshimiwa Madiwani mlizipitisha kwa kauli moja, wengine nasikia mkiwa mmeshafunga mafaili. Kanuni zinasema kila jengo likae nyuma ya mstari wa barabara, na chochote kinachotokeza mbele ya msingi ni ujenzi, na ujenzi huo ubomolewe. Sina ugomvi na hilo. Barabara ni ya wote. Lakini mstaafu wetu, kwa umakini wake, aliona kwamba ngazi nazo hutokeza. Akaongeza kifungu: ngazi zihesabiwe kuwa ni sehemu ya mlango. Mteremko wa kiti cha magurudumu hakuutaja, kwa hiyo ukabaki kuwa ujenzi. Basi katika mji wetu ngazi ni mlango na mteremko ni jengo. Wakapita vijana na rangi nyekundu, wakapiga alama ya X kwenye mteremko wa duka la dawa, na wa mashine ya kusaga, na wa shule ya msingi, ambao wazazi waliujenga wenyewe Jumamosi kwa zege la kuchangishana. Wiki iliyofuata likaja tingatinga. Penye nia pana njia, lakini hapa kwetu njia ikitokeza mbele ya msingi inavunjwa.

Nije sasa kwenye zabuni, maana huko ndiko tulikoshirikishwa.

Halmashauri ilipitisha uamuzi mzuri. Nasema mzuri bila kejeli, na mnaonijua mnajua nikisema bila kejeli huwa naugua baadaye. Iliamua kwamba sehemu ya kazi zake wapewe wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ili nasi tule kwa jasho letu na tuache kuitwa kwenye sherehe kupewa mablanketi. Kazi ya kwanza iliyotengwa kwa ajili yetu ilikuwa ni kujenga mteremko wa jengo hili. Wageni wa wafadhili walikuwa wamekuja, wakauliza walemavu wanaingiaje, ikawa aibu, ikatangazwa zabuni. Tukaomba, tukashinda. Kaimu Mkuu wa Zabuni akasaini mkataba mbele ya kamera, akanishika mkono, akauinua juu kama refa anavyomwinua bondia. Picha hiyo iko pale mlangoni na mmeipita wote mkiingia.

Tukaanza kazi karakanani. Tukakata mabomba ya kushikia, tukayachomelea, tukayapiga msasa yasimchane mtu mkono. Mwashi wetu tunayemwita Kimya, kwa kuwa hasikii na wala hana habari na kelele zetu, akapima mwinuko mara nyingi mpaka tukamcheka. Yeye akatuonyesha kwa mikono kwamba ukiwa mkali, mzee atarudi kinyumenyume na kiti chake mpaka barabarani. Vyuma vikawa tayari. Tukaja na kokoto na mchanga. Askari wa getini akatuuliza kibali cha ujenzi kiko wapi.

Waheshimiwa, hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu nilikuwepo na bado siamini. Nilibebwa mpaka ofisi ya zabuni. Mstaafu wetu akanipokea kwa bashasha, akaniuliza kwa nini hatujaanza na mkataba tunao. Nikamwambia ni kibali. Akasikitika kweli, akatikisa kichwa, akasema kibali kinatolewa na watu wa ardhi, tukawaone. Mgambo wakaninyanyua, wakanivusha ukumbi mwembamba, mlango wa pili unatazamana na wa kwanza. Ofisini hapakuwa na mtu. Tukangoja. Baadaye kidogo akaingia mstaafu wetu, akavaa koti lililokuwa limetundikwa nyuma ya mlango, akaketi, akaniambia, "Karibu dada, nikusaidie nini?"

Nikamweleza, kwa heshima, kama mtu anayeonana naye kwa mara ya kwanza. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Tatizo ni hao watu wa zabuni. Wanatoa mikataba bila kutushirikisha."

Msicheke, jamani. Au chekeni, lakini mkumbuke kuwa mshahara wake mliulipa ninyi, na posho ya kukaimu juu yake. Tangu siku hiyo Zabuni ikawa inaiandikia Ardhi barua kuomba kibali, na Ardhi inaijibu Zabuni kwamba mteremko unavuka mstari. Aliyeandika ni yeye. Aliyejibu ni yeye. Aliyechelewa kujibu, akisubiri barua ifike kwenye foleni, ni yeye pia. Katibu muhtasi wake, yule dada aliyeketi nyuma pale anayejifanya kutafuta kitu mkobani, ndiye aliyekuwa akizivusha ukumbi zikiwa zimefungwa kwenye bahasha. Nilimuuliza siku moja kwa nini bosi wake asijiambie tu. Akanijibu kwa sauti ya chini kwamba utaratibu hauruhusu.

Mtu anaweza kusema: dada, usimwonee, sheria ni msumeno. Huo msumeno naujua, mimi ni fundi. Hoteli mpya iliyo kwenye mzunguko imetoa baraza lake mpaka juu ya njia ya waenda kwa miguu, na watu sasa wanashuka barabarani kupisha baraza. Hilo halikupigwa X. Lilipewa kibali cha pekee, ambacho Kanuni zinampa Mkuu wa Ardhi uwezo wa kukitoa kwa sahihi yake, bila kikao wala kamati. Kilitoka upesi, chai ikiwa bado ya moto, na najua chai ilikuwa ya moto kwa sababu nilikuwa kwenye benchi la nje nikiisikia inavyovutwa. Nasi tukaomba hicho hicho. Tukaambiwa kibali cha pekee ni kwa miradi yenye manufaa kwa umma.

Sasa mnielewe kwa nini nina hasira leo, siku ambayo wenzangu wamevaa vizuri na kuna maua mezani. Mkataba wetu unakufa leo, ofisi zikifungwa. Ukifa, kikundi chetu kitaandikwa kuwa kilipewa kazi kikashindwa, na kikundi kilichoshindwa hakiombi tena zabuni yoyote ya Halmashauri. Huyo atakayeandika kuwa tumeshindwa ni Kaimu Mkuu wa Zabuni. Na katika mkutano ujao mtasimama humu ndani mkisema mliwapa walemavu nafasi, wakaichezea. Yapo maneno yanayouma, lakini hilo la kuitwa mzembe na mtu aliyekufunga mikono siwezi kulimeza. Tuna mafundi waliokataa vibarua vingine wakisubiri kazi hii. Vyuma vyetu viko uani chini ya turubai, na mmeegesha magari kando yake.

Ndugu mstaafu, nakusemesha wewe sasa, na wengine wasikilize tu. Mpaka ofisi zifungwe ungali na viti vyote viwili. Mihuri yote miwili iko kwenye droo zako, hatua chache kutoka hapa. Mheshimiwa Meya yupo, akitaka kukuzuia atasema, na naona hajasema. Kesho atakuja mtu mwingine, atauliza faili, ataambiwa faili liko Ardhi, Ardhi watasema liko Zabuni, na hapatakuwa tena na mtu mmoja wa kumlaumu. Katika maisha yangu yote sikudhani ningekuja kuomba usistaafu mapema.

Mshereheshaji ananionyesha saa. Namalizia, kaka, usijali.

Pale meza kuu, kati ya mke wa mstaafu na mjomba wake, kuna kiti kitupu kilichobandikwa maneno "Mama Mzazi". Mshereheshaji ametutangazia kuwa mama anapumzika kwa sababu ya uchovu wa safari. Mama hajachoka. Nimezungumza naye asubuhi hii kabla sijapandishwa. Yuko chini, ndani ya gari, mlango ukiwa wazi, amevaa nguo mpya na viatu vinavyombana, na Kimya amesimama kando yake akimkinga jua kwa mwavuli. Magoti yake hayapandi ngazi hizi. Mgambo walitaka kumbeba kama wanavyonibeba mimi, akakataa, akasema mtu mzima habebwi kama gunia wakwe wakimtazama. Mimi nimezoea kubebwa, aibu yangu iliisha zamani. Yake ilikuwa mpya, na nilimwona akijifuta macho kwa pembe ya mtandio, nikaona haya kumtazama.

Akaniuliza ngazi hizi amezijenga nani. Nikamwambia, mama, ni serikali. Sikusema zaidi ya hapo, na dharau yote mliyoisikia kwangu leo niliiacha pale mlangoni pa gari, kwa kuwa yeye hakuistahili.

Nawashukuru sana kwa kunivumilia na kunisikiliza. Mimi sitashuka kwa kubebwa. Mgambo wapumzishe migongo yao, nami nitakuwa pale juu ya ngazi nikisubiri sahihi. Imebaki salamu moja, Ndugu mstaafu, na ni ya kwako. Wakati wananinyanyua, mama yako alinishika mkono akasema, "Binti, wewe unayepandishwa, ukifika huko juu mwambie mwanangu nimefika."