Kuzaliwa Hapa Hakutoshi

Miezi michache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, katika basi la kutoka Ngaramtoni kwenda Arusha, Anyesi alikuwa na kibuyu cha maziwa mapajani na masikio yake yote kiti cha mbele. Hapo mzee Lesikar, mfugaji, alikuwa akimchokoza Shantilal, muuza vitambaa.

"Serikali inaandika sheria ya uraia," alisema Lesikar. "Kuzaliwa hapa hakutoshi. Lazima baba au mama naye awe amezaliwa hapa. Wazazi wako walitoka Bara Hindi. Utaomba uraia, bwana!"

"Mimi nimezaliwa Kijenge, mzee. Na huyo Mwingereza anayeiandika kazaliwa wapi?"

Basi zima lilicheka, Anyesi pia.

"Wazazi wako je?" Shantilal akauliza.

"Kajiado, wote wawili. Walifuata majani ya ng'ombe wakaja..." Kajiado iko Kenya.

Anyesi alijikuta akiwafikiria wazazi wake mwenyewe, na kicheko kikamkauka.

Basi liliposimama, Lesikar alimshika Shantilal mkono.

"Hiyo sheria wameshaimaliza?"

"Bado."

"Duka lako liko karibu na boma la serikali. Hebu waambie wangoje kidogo."