Makoti Meupe ya Jumamosi

Benchi letu liko mbele ya kinyozi, na ukitaka kupotezewa akili huku unakunywa kahawa, karibu. Jumamosi ile mchana tulikuwa wanne: mimi mwenye birika, Kinyozi mwenyewe, Mama Sindano mshonaji, na Sauti, fundi redio anayetuonyesha filamu kila mwezi kwenye ukumbi wa mtaa. Filamu ilikuwa ianze saa kumi, na Sauti hakuwa na raha. Mara zote tatu alizokuja, mkewe alilala katikati, akakoroma ukumbi mzima ukamsikia.

Sauti: Amesema leo akisinzia tena, haji tena ng'o. Nisaidieni jamani, inaniuma.

Kinyozi: Huna mbwembwe, ndiyo maana. Watu wapite kwenye zulia jekundu. Nitatoa la hapa dukani.

Mimi: Lile lenye nywele?

Kinyozi: Nitalikung'uta!

Mama Sindano: Zulia halimwamshi mtu. Kwenye filamu ikinyesha mvua, na sisi tuwamwagie maji kutoka juu.

Sauti: Walowe kweli?

Mama Sindano: Nani anakoroma amelowa?

Kinyozi: Hapo sawa. Na humo wakipigana, mimi nagawa makofi. Naanzia viti vya nyuma, taratibu.

Sauti: Mke wangu akila kofi, hiyo ndoa imeisha.

Mama Sindano: Basi acheni kelele. Mimi sikuja mikono mitupu.

Akatoa kwenye mfuko makoti manne meupe, ya sisi wa kukaribisha watu mlangoni. Tukayavaa palepale. Yalitukaa vizuri mno, hata Sauti akaanza kutabasamu, akihangaika na vifungo.

Kinyozi: Kitambaa kizito hiki! Umekipata wapi?

Mama Sindano: Kilikuwa kimekunjwa tu kabatini kule ukumbini. Kikubwa, hakina hata doa.

Mara mke wa Sauti akafika.

— Karibu shemeji!

— Asante, mmependeza. Nimepita ukumbini kuwahi kiti. Kuta zile za kijani ziko tupu. Hiyo filamu mtaionyesha kwenye nini?

Sauti aliacha vifungo, akashika ukosi wa koti lake, akaupapasa polepole. Mama Sindano akainamia kikombe.

Kinyozi ndiye aliyesimama, akatugeuzia mgongo mweupe, akajibana ukutani.

— Njooni mbanane hapa.

Shemeji alicheka mpaka akashika mlango.

— Leo silali, mume wangu. Nasema kweli, leo silali.