Nani Kamtanguliza Apolonia?

Kijiwe chetu kiko nyuma ya stendi ya Bariadi, mbele ya duka la pembejeo: benchi moja, birika la Athanasi na sinia langu la karanga. Mimi ni Felisita, ila hawa wananiita Redio, wivu tu. Juzi hapakukalika. Masalu, mtoto wa Mzee Ngassa wa Migato, anaoa Jumamosi, na Nyanjige, mke mkubwa wa mzee, ndiye wa kumpokea bibi harusi mlangoni. Nyanjige kagoma! Eti Masalu katengeneza kitabu cha ukoo mtandaoni, wenyewe wanakiita wiki, kila ndugu anaingia na kuandika. Kufungua orodha ya yaliyomo, juu kabisa kakaa Apolonia, mke mdogo, mama mzazi wa Masalu. Nyanjige yuko mkiani.

— Hii ni hujuma, akasema Januarius, ambaye tunamwita Katiba. Mtoto kampandisha mama yake. Mtegemea cha nduguye hufa maskini!

— Hiyo methali inaingiaje hapa, Katiba?

— Inaingia tu. Nipe kahawa.

Yakobo fundi pikipiki, jina la kijiweni Injini, akatikisa kichwa.

— Kijana hana kosa. Ni mashine. Inajua Apolonia ana simu janja, Nyanjige ana kitochi. Inampendelea mteja wake.

— Wewe Injini, nikamwambia, hata pikipiki ya paroko ulisema inamjua paroko.

— Na ilikuwa inamjua!

Athanasi akamimina, akashusha sauti:

— Ni ubatizo, jamani. Apolonia kabatizwa, Nyanjige bado. Huko mtandaoni wanawapanga kama foleni ya komunio.

— Hamjui kitu, akadakia Katiba. Mashine ni ya wazungu. Mzungu mke wake mmoja. Ikiona wawili, inajua wa kwanza kaachwa.

Hapo hata mimi niliacha kumenya karanga. Neno kama hilo likifika Migato, harusi hakuna. Na wa kulifikisha ningekuwa nani kama si mimi?

Mara Masalu huyo, jasho linamtiririka, simu mkononi.

— Mwangaluka, wazee wangu! Imekubali!

— Nini imekubali?

— Mpangilio! Ilikuwa inafuata alfabeti: A ya Apolonia mbele, N ya Nyanjige nyuma. Kumbe kuna mahali pa kuipa kila sura namba ya kujificha. Msomaji haioni, ila mashine inaifuata. Mama mkubwa nimempa moja, mama yangu nimempa mbili.

— Hivyo tu? akauliza Katiba, kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

— Na mayu Nyanjige, mama yetu mwenyewe, anasemaje? nikauliza.

— Yuko njiani. Kasema anataka kuona kwa macho yake.

Hatukumaliza vikombe, Nyanjige akashuka kwenye bodaboda. Hakusalimia mtu. Alichukua simu, akaishika mbali na uso, akasoma kwa kidole:

— Nyanjige na watoto wake... Apolonia na watoto wake.

Akashusha pumzi.

— Haya, ng'wanawane, mwanangu. Mwambie mama yako aje mapema tupike pamoja. Mkwe nitampokea mwenyewe.

Masalu alijibwaga kwenye benchi kama robota la pamba. Athanasi akatangaza kahawa ya bure, jambo ambalo sijawahi kulisikia kwake, na mimi nikagawa karanga. Chache.

Kidole cha Nyanjige kilikuwa bado kinashuka.

— Mashamba... Mifugo... Ngassa... Masalu, hivi baba yenu mbona mmemweka chini ya ng'ombe?

Katiba akajimiminia kahawa nyingine ya bure. Injini akakumbuka kuna tairi linamsubiri. Masalu, ambaye namba kawapa mama zake tu na wengine kawaachia alfabeti, akanyoosha mkono haraka apokee simu arekebishe.

Nyanjige akaificha ndani ya kanga, machozi ya kicheko yakimtoka.

— Muache hapo hapo mpaka arudi kutoka mnadani. Ajisomee.