Zipporah Kanze Fondo, Aliyeikumbatia Koma ya Mumewe

Marehemu alizaliwa mwaka 1958 huko Marafa. Baba yake, mkulima wa Kigiriama, alihamia Kurawa kutafuta ardhi, akaileta jamaa yake yote. Nyumbani aliitwa Kanze.

Mwaka 1966 aliingia shule ya misheni. Mwalimu alimpa jina la Zipporah, na kila alipoliita, mtoto alinyamaza. Alichapwa mpaka mgongo ukachubuka, ndipo akaitika. Masomo yake yalikomea darasa la nne, lakini Biblia aliisoma yote, na aliyemnukulia nusu ya mstari alimaliziwa nusu iliyobaki, apende asipende.

Alilima mahindi na pojo, akauza Garsen. Mwaka 1991 mamba alimkamata mkono akichota maji mtoni. Marehemu alimchoma jicho kwa kidole gumba hadi akaachiliwa. Watu walipomwambia ameokolewa na Mungu, alijibu, "Ndiyo, lakini kidole kilikuwa changu." Alikuwa hivyo, na kanisa lilimjua hivyo miaka yote aliyoimba kwaya.

Alifunga ndoa kanisani na Bwana Fondo Pekeshe tarehe 8 Desemba 1979. Walipendana, tena walitaniana mbele za watu bila haya. Mwaka 2012, wakati wa mapigano ya wakulima na wafugaji huku kwenye delta, Bwana Fondo alikatwakatwa kwa mapanga shambani kwake. Alizikwa jioni ile ile na damu yake mwilini, kwa sababu kila mtu alikuwa anakimbia.

Mwaka jana mumewe alianza kumjia ndotoni, damu ikimtoka, akiomba maji. Marehemu alimwomba mwanawe Levis, mwenyekiti wa vijana kanisani, amsimikie baba yake koma, ule mti mfupi wa mhuhu unaosimikwa uani kwa ajili ya mfu wa nyumba yetu, apate kunyweshwa hapo na kutulia. Levis alikataa. Shemeji wa marehemu, Mzee Kaviha, akausimika.

Jumapili, tarehe 2 Machi 2025, mchungaji alimsimamisha mbele ya ushirika.

"Mama Zipporah, ung'oe huo mti, ama utoke kwetu."

"Mchungaji, picha ya mwanzilishi wa kanisa hili imetundikwa hapo ukutani, na kila Pasaka twaivika maua. Yule naye amekufa. Mimi ni Mkristo, na ni Mgiriama. Niambie nimtoe yupi, na nimtoe kwa mlango gani."

Alikatazwa meza ya Bwana, akarudi nyumbani kwa miguu.

Alasiri vijana walifika na mashoka, Levis mbele yao. Waliung'oa ua uliozunguka koma, wakampiga Mzee Kaviha kwa fimbo hadi akaanguka. Marehemu aliikumbatia koma kwa mikono miwili.

"Mama, toka hapo."

"Nikitoka utampiga baba yako."

"Huyo si baba. Huo ni mti."

"Basi piga mti, mwanangu."

Levis alilenga ncha. Shoka liliteleza, likampasua mama yake kichwani. Wenzake walitimua mbio, baadhi yao wakiwa bado na Biblia kwapani. Levis alivua shati, akamfunga jeraha, akambeba hadi barabarani akilia kwa sauti.

Marehemu alilazwa Malindi. Askari walipomuuliza nani alimpiga, hakuficha jina, wala hakuongeza neno. Mchungaji alikwenda kumwona, akasali, naye akaitikia amina. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi, asubuhi, binti yake akiwa amemshika mkono. Sisi wa nyumba yake tuna uchungu, na tuna hasira, na hatutajifanya hatuna. Kanisa limekuja leo kumzika. Tunalishukuru kwa kuja.

Ameacha shemeji yake, Mzee Kaviha, wajukuu watano, na watoto wawili: Mbodze, na Levis, aliyeletwa na polisi na ambaye amesimama pale nyuma ya turubai. Baadhi ya ndugu waliomba jina la Levis lisichapishwe hapa. Marehemu alikuwa ameulizwa jambo hilo akiwa kitandani, na jibu lake alilisikia Mbodze: "Nimezaa wawili. Mkiandika mmoja, basi mmezika mama wa watu wengine."

Mungu ampumzishe kando ya mumewe, kwa amani ambayo sisi hatukumpa.